Ajabu kwa Sharti: Historia ya Kutambuliwa kwa Bunilizi ya Kifantasia katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya namna bunilizi ya kifantasia ilivyopokewa katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, tangu ngano za pwani zilipoanza kuchapishwa katika karne ya 19 hadi riwaya mpya za mwanzo wa karne ya 21. Hoja kuu ni kwamba fantasia haijawahi kuwa nje ya fasihi teule ya Kiswahili. Ilikuwamo tangu mwanzo, lakini ilitambuliwa kwa sharti: ajabu lifasiriwe kuwa kitu kingine, ama sampuli ya lugha, ama ushahidi wa historia, ama istiara ya siasa, ama falsafa. Kwa kurejelea hadithi ya Fumo Liongo, riwaya za Shaaban Robert, Mzimu wa Watu wa Kale, Walenisi na Nagona, makala inaonesha kile ambacho kila sharti lilifichua na kile lilichoficha. Inahitimisha kuwa swali la iwapo fantasia inastahili heshima ya kitaaluma limekwisha kujibiwa na matini zenyewe. Lililobaki ni iwapo uhakiki uko tayari kulisoma ajabu kama ajabu.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anapofika chuo kikuu huwa amekwisha kukutana na sungura anayesema, zimwi linalomeza watu, mfalme wa majini na nchi iliyo angani. Amekutana nao katika ngano za nyumbani, katika vitabu vya darasani na katika riwaya zinazotahiniwa. Hata hivyo, akitakiwa kutaja kazi ya kifantasia iliyoandikwa kwa Kiswahili, si ajabu akasita. Kusita huko hakutokani na uhaba wa kazi. Kunatokana na majina ambayo kazi hizo zimepewa: hurafa, hekaya, istiara, riwaya ya kifalsafa, uhalisiajabu. Kila jina lina sababu yake ya kihistoria, na kila jina limekuwa mlango ambao kwao ajabu liliruhusiwa kuingia katika taaluma.

Katika makala hii, bunilizi ya kifantasia ni masimulizi ambayo ulimwengu wake unaruhusu matukio yasiyo ya kawaida, na ambayo yanayachukulia matukio hayo kuwa kweli ndani ya hadithi yenyewe. Neno “yasiyo ya kawaida” limeteuliwa kwa makusudi badala ya “yasiyowezekana.” Kwa hadhira ya pwani iliyolelewa katika Uislamu, kuwapo kwa majini ni sehemu ya imani, jini katika hadithi halivunji kanuni za ulimwengu, bali huvunja mazoea ya kila siku. Fasili inayoanzia kwenye mpaka kati ya sayansi na ushirikina ingeitoa nje sehemu kubwa ya fasihi hii kabla haijasomwa.

Makala ina lengo la kihistoria. Haikusudii kuorodhesha kazi zote za kifantasia, bali kufuatilia masharti ya kutambuliwa kwake yalivyobadilika, na kupima gharama ya masharti hayo.

2.0 Mjadala wa Heshima: Sauti Mbili za Ulaya

Mjadala kuhusu hadhi ya fantasia haukuzaliwa katika Kiswahili pekee. Mwaka 1936, J.R.R. Tolkien, aliyekuwa profesa wa Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford, alitoa mhadhara kuhusu utendi wa Beowulf. Malalamiko yake yalikuwa kwamba wataalamu walikuwa wameugeuza utendi huo kuwa machimbo ya historia na isimu, na kwamba mazimwi yaliyo katikati ya shairi walikuwa wameyasukuma pembeni kama aibu ya mtunzi. Yeye alishikilia kuwa mazimwi ndiyo kiini, na kwamba bila ya hayo shairi halina uzito wake. Miaka mitatu baadaye, katika mhadhara mwingine alioutoa Chuo Kikuu cha St Andrews, alitetea uumbaji wa ulimwengu wa pili: ulimwengu wa hadithi wenye mshikamano wa ndani unaomfanya msomaji auamini awapo ndani yake.

Sauti ya pili ni ya Tzvetan Todorov, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kilijaribu kuweka mipaka ya utanzu huu. Kwake, fantasia hudumu kwa muda ule tu ambao msomaji anasita kati ya maelezo ya kimaumbile na maelezo ya nguvu zipitazo maumbile. Akichagua la kwanza, hadithi huwa ya kigeni tu; akichagua la pili, huwa ya maajabu. Todorov aliongeza jambo ambalo lina uzito wa pekee kwa mada hii: usomaji wa kiistiara huiua fantasia, kwa sababu humwondolea msomaji haja ya kujiuliza kama tukio limetokea kweli katika hadithi.

Sauti hizi mbili haziwezi kuhamishiwa katika Kiswahili bila tahadhari. Kusita anakokuzungumzia Todorov kunategemea msomaji ambaye kwake maumbile na nguvu za ghaibu zimetenganishwa. Harry Garuba, katika makala yake ya mwaka 2003 kuhusu fikra za kianimisti, alionesha kwamba katika jamii nyingi za Afrika ulimwengu wa kisasa na ulimwengu wa roho huishi pamoja bila kuombana radhi. Hata hivyo, onyo la Todorov kuhusu istiara na lalamiko la Tolkien kuhusu machimbo yana mwangwi wa karibu katika historia ya uhakiki wa Kiswahili, kama sehemu zinazofuata zinavyoonesha.

3.0 Ajabu kama Sampuli na kama Ushahidi

Ajabu lilikuwamo katika fasihi andishi ya Kiswahili muda mrefu kabla ya riwaya. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Bwana Mwengo wa Athumani wa Pate na ambao hati yake ina tarehe ya mwaka 1728, unasimulia vita dhidi ya Mfalme Herekali kwa beti zaidi ya 1,000, na mashujaa wake wanapigana kwa nguvu zinazopita uwezo wa binadamu. Utendi wa Ras al-Ghuli, wenye beti zaidi ya 4,000, unampa adui jina ambalo lenyewe lina maana ya kichwa cha zimwi. Tendi hizi zilitungwa kwa ustadi, zikanakiliwa kwa mkono na zikasomwa mbele ya hadhira. Hadhira hiyo haikuhitaji kuthibitishiwa kuwa kazi yenye maajabu inaweza kuwa kazi ya uzito.

Mabadiliko yalianza ngano zilipoingia katika chapa ya kigeni. Mwaka 1870, Edward Steere, mmishenari wa UMCA, alichapisha London mkusanyo wa hadithi za Waswahili wa Unguja. Ndani yake mna paa anayemtajirisha maskini aliyekuwa akichakura jaani, anayemuua nyoka wa vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba lake, kisha anaugua na kufa akiwa amedharauliwa na yule aliyemsaidia. Mna pia nunda mla watu na mfalme wa nyoka. Steere aliandaa vilevile kitabu cha kujifunzia Kiswahili, na mkusanyo wake ulimfaa kwanza mgeni aliyetaka kuijua lugha na fikra za wenyeji. Carl Büttner mwaka 1894 na Carl Velten mwaka 1898 waliendeleza kazi hiyo kwa Kijerumani. Bila wakusanyaji hawa, matini nyingi zingepotea. Lakini zilihifadhiwa kama sampuli: za sarufi, za msamiati, za mila. Paa aliyekufa kwa utovu wa shukrani wa bwana wake alikuwa mfano wa matumizi ya lugha kabla ya kuwa mhusika.

Hali kama hiyo ilimpata Fumo Liongo. Masimulizi yake yamo katika mkusanyo wa Steere, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliyatungia utendi mwaka 1913. Liongo hawezi kuuawa kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na anayemchoma ni mwanawe mwenyewe. Sehemu kubwa ya uandishi wa kitaaluma kumhusu imejishughulisha na swali la aliishi lini na wapi. Swali hilo ni halali, kwa kuwa mashairi anayohusishwa nayo ni miongoni mwa turathi kongwe za lugha hii. Lakini sindano ya shaba haina tarehe. Mwanahistoria huipita kama pambo lililoongezwa na wasimulizi, ilhali ndiyo inayoibeba maana ya hadithi: mwili usioshindwa na adui una mahali pamoja pa udhaifu, na mahali hapo ni kitovu, alama ya kuzaliwa na ya ukoo. Anayejua siri hiyo ni wa nasaba. Msomaji anayeliondoa ajabu ili kumpata Liongo wa kweli hubaki na mshairi na mgombea wa utawala aliyeuawa; hadithi ya usaliti wa damu humponyoka.

4.0 Ajabu kama Istiara: Shaaban Robert

Kati ya vita viwili vya dunia, wasomaji wa Kiswahili walipewa tafsiri kadhaa kupitia elimu ya kikoloni na kazi ya kusanifisha lugha, ambayo kuanzia mwaka 1930 ilisimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Miongoni mwake zilikuwamo Alfu Lela Ulela, Safari za Gulliver na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Orodha hii inastahili kuangaliwa kwa makini. Alfu Lela Ulela ilikuwa inarudi mahali ilipojulikana kwa mdomo. Hadithi ya Hasibu na mfalme wa nyoka, kwa mfano, ilikuwa imekwisha kusimuliwa Unguja. Riwaya ya Haggard, kwa upande mwingine, iliwaletea Waafrika fantasia ambamo Afrika yenyewe ndiyo ajabu, bara la hazina na wachawi linalongoja kufumbuliwa na mgeni. Shaka ya wahakiki wa baadaye kuhusu masimulizi ya kiajabu ina mzizi mmojawapo hapa, na si shaka ya kupuuzwa.

Shaaban Robert (1909–1962) aliandika akiwa na turathi zote hizo mkononi. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, Adili na Nduguze mwaka 1952, na Kufikirika ilichapishwa baada ya kifo chake. Kusadikika ni nchi iliyo angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria na anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe waliotumwa kutafuta mema ya nchi nyingine wakalipwa adhabu. Adili na Nduguze inajenga upya hadithi ya Abdullah bin Fadhil kutoka Alfu Lela Ulela: ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa wanyama na jini, na ndugu yao mwadilifu analazimika kuwapiga kila usiku.

Uhakiki ulizipokea kazi hizi kwa heshima kubwa, na ufunguo wake ulikuwa istiara. Kusadikika ilisomwa kama Tanganyika chini ya ukoloni, na majina kama Majivuno, Karama, Adili na Hasidi yaliualika usomaji wa namna hiyo. Ufunguo huu ulikuwa sahihi. Mwandishi aliyefanya kazi serikalini chini ya utawala wa kikoloni alikuwa na kila sababu ya kusema kwa mafumbo. Tatizo ni kwamba ufunguo uliofungua mlango mmoja ulionekana kuwa umefungua nyumba nzima. Anga la Kusadikika likawa vazi tu la kuficha ardhi ya Tanganyika, na vazi likishavuliwa halitazamwi tena.

Anwani mbili za Shaaban Robert zinapinga usomaji huo kwa njia ya kimofolojia. Kusadikika na Kufikirika ni vitenzi vya kauli ya kutendeka: kinachosadikika ni kile kinachoweza kusadikiwa, kinachofikirika ni kile kinachoweza kufikiriwa. Kiambishi -ik- hakidai kwamba nchi hizo zipo, wala hakikiri kwamba hazipo. Kinauelekeza uzito wote kwenye uwezekano wa akili ya msomaji. Hapa Kiswahili kinajitolea chenyewe nadharia ya fantasia ambayo haitegemei kusita kwa Todorov. Swali si kama jambo limetokea kweli, bali kama jamii inaweza kulisadiki au kulifikiri. Karama anashtakiwa katika nchi ambayo jina lake ni uwezo wa kuamini, kwa kosa la kuwafanya watu waamini kuwa sheria inaweza kuwa nyingine. Istiara ya ukoloni haifutwi na usomaji huu, inapata msingi.

5.0 Zama za Uhalisia

Mwaka 1960 ilitoka Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyokuwa imeshinda shindano la uandishi lililoendeshwa na East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950. Mauaji yanatokea mahali panapohofiwa kwa mizimu, na watu wako tayari kuamini kuwa mizimu imelipiza. Bwana Msa anathibitisha kwa hoja kwamba mkono uliotenda ni wa binadamu. Riwaya hii ni alama ya kipindi: ajabu linaletwa jukwaani ili lishindwe na mantiki. Anwani inaahidi mizimu, hitimisho linatoa mhalifu.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na kwa kuimarika kwa taaluma ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970, kipimo cha fasihi kilikuwa uhusiano wake na mapambano ya jamii. Riwaya kama Rosa Mistika (1971), Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979) ziliweka kiwango cha juu cha uhalisia, na uhakiki ulijifunza kuuliza maswali makali kuhusu tabaka, ardhi na kazi. Mafanikio hayo hayapaswi kubezwa. Taifa lililokuwa linajaribu kujieleza kwa lugha yake lilihitaji fasihi inayomtaja mkulima na mchukuzi kwa majina yao.

Hata hivyo, kipimo hicho kiliacha maajabu yenye majina machache ya kuitwa. Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971) inaanza kwa mchezo wa shetani na binadamu chini ya mbuyu, na shetani huyo alitambuliwa upesi kama ukoloni na mabaki yake. Mirathi ya Hatari ya C.G. Mung’ong’o (1977) inahusu kijana anayerithishwa uchawi, na ilielekea kusomwa kama ufichuzi wa mila zinazodumaza jamii. Katika mfano wa kwanza ajabu liliheshimiwa kwa kugeuzwa alama. Katika wa pili, kwa kugeuzwa tatizo la kijamii. Katika yote mawili halikuulizwa swali lake lenyewe: uchawi ukiwa kweli ndani ya hadithi, unamtaka nini anayeurithi?

6.0 Mlango wa Uhalisiajabu

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Euphrase Kezilahabi. Mwandishi huyu aliyekuwa nguzo ya uhalisia alikamilisha mwaka 1985 tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi, kisha akatoa Nagona (1990) na Mzingile (1991). Katika Nagona, msimulizi anapita katika ulimwengu ulioparaganyika, anakutana na wanafikra wa Ulaya waliokwisha kufa, na anamfuata paa mwenye mbio asiyekamatika. Msomaji aliyelelewa na ngano za pwani hawezi kumwona paa huyo bila kumkumbuka yule wa jaani, ingawa huyu wa Kezilahabi hamtajirishi mtu yeyote.

Uhakiki ulibabaika kwanza kuhusu jina. Mwaka 1998 Mikhail Gromov aliandika makala iliyouliza katika anwani yake iwapo Nagona na Mzingile ni riwaya, ngano au fumbo la mafunzo. Mwaka 2003 Said A.M. Khamis aliichambua Nagona kwa kuhusisha mpasuko wa umbo, usimulizi simulizi na uhalisiajabu. Jina hili la mwisho lilishika. Lilikuwa na hadhi ya kimataifa kutokana na waandishi wa Amerika ya Kusini, na liliwapa wahakiki njia ya kuzungumzia ajabu bila kuonekana wameuacha uhalisia.

Kufikia wakati huo uwanja ulikuwa umepanuka. Katika Walenisi ya Katama Mkangi (1995), Dzombo anahukumiwa kuangamia ndani ya chombo cha angani, lakini anafika katika sayari yenye jamii iliyojengwa kwa usawa, jina la sayari ni sentensi iliyofupishwa, “wale ni sisi.” Ziraili na Zirani ya William Mkufya ilitoka mwaka 1999. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), mkubwa wa serikali anatembelewa na babu aliyekwisha kufa. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) inamzungusha mhusika wake ulimwenguni akimtafuta mtu aliyetoka katika hadithi ya watoto ya Ulaya.

Ni muhimu kuangalia ni nani walioufungua mlango huu. Said A.M. Khamis mhakiki ndiye Said Ahmed Mohamed mwandishi wa riwaya. Kezilahabi na Wamitila walikuwa wahadhiri wa fasihi. Mkangi alikuwa mwanasosholojia. Fantasia ilipata heshima ilipoandikwa na watu wa chuo kikuu, kwa kina cha marejeleo ambacho chuo kikuu kinaweza kukitambua. Sharti jipya lilikuwa falsafa. Ajabu liliruhusiwa iwapo lilikuwa gumu.

7.0 Gharama ya Sharti

Matokeo ya kwanza ya historia hii ni kwamba kazi zenye maajabu zisizo na istiara dhahiri wala marejeleo ya kifalsafa zimebaki nje. Hadithi za majini zilizochapishwa kwa mfululizo katika magazeti, vijitabu vya mapenzi ya binadamu na viumbe wa baharini, na masimulizi ya wachawi yanayouzwa vituoni mwa mabasi, vyote huwekwa chini ya neno “fasihi pendwa” na mara nyingi huishia hapo. Riwaya pendwa ya upelelezi imepata wahakiki wake. Ya majini inasubiri. Kwa kuwa machapisho ya namna hii ni ya karatasi dhaifu na nadra kuhifadhiwa maktabani, kuchelewa kwa uhakiki ni kupotea kwa matini. Mwanahistoria wa fasihi wa miaka 50 ijayo anaweza kukosa kabisa ushahidi wa kile ambacho wasomaji wengi wa Kiswahili walikisoma.

Matokeo ya pili yanazihusu hata kazi zilizokwisha kuheshimiwa, na Adili na Nduguze ni mfano mzuri. Kwa usomaji wa kimaadili, riwaya inafundisha kuwa husuda huadhibiwa na wema hulipwa. Lakini maajabu yake yana kanuni, na kanuni hizo zinasema jambo lisilo jepesi. Katika Alfu Lela Ulela ndugu wanageuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwageuza manyani. Mbwa angempa msomaji wa pwani kinyaa. Nyani anampa sura inayofanana na yake. Tena, amri ya jini Huria inamfunga Adili mwenyewe: lazima awapige ndugu zake kila usiku, apende asipende. Mtu mwadilifu kuliko wote katika riwaya ndiye anayeshika mjeledi, na uadilifu wake haumwondolei kazi hiyo. Njia ya kutoka haipatikani kwa toba ya wakosaji peke yao, bali kwa mfalme wa binadamu, Rai, kuingilia kati na kuomba msamaha katika himaya isiyo yake. Kinachojitokeza ni suala la mamlaka mbili za sheria, ya watu na ya majini, na la gharama anayolipa mtekelezaji wa adhabu ambayo hakuitoa. Usomaji unaoanza na funzo huliona ajabu kama chombo cha kulifikishia. Usomaji unaoanza na kanuni za ajabu hugundua kuwa funzo lenyewe lina ufa.

Inaweza kupingwa kwamba hoja hii inafungua mlango kwa kila kitu: kwamba fantasia nyingi ni kiburudisho cha kukwepa maisha, na kwamba kuipa heshima ya jumla ni kuishusha heshima yenyewe. Pingamizi hili lina ukweli nusu. Utanzu hauheshimiwi kwa jumla. Kazi huheshimiwa moja moja. Riwaya dhaifu za kihalisia ni nyingi pia, na hakuna aliyezitumia kuuhukumu uhalisia. Kinachohitajika ni vipimo vinavyofaa kwa utanzu: iwapo ulimwengu wa hadithi una kanuni na unazitii; iwapo ajabu lina gharama kwa wahusika; iwapo lugha inabeba ugeni wa ulimwengu huo au inaazima tu maneno ya kutisha; na namna kazi inavyozungumza na hazina ya ngano na tendi iliyoitangulia. Kwa vipimo hivi, baadhi ya vijitabu vya majini vitashindwa vibaya. Vingine vitamshangaza mhakiki, na baadhi ya riwaya zinazosifiwa kwa ugumu wake huenda zikaonekana zimelitumia ajabu bila kuliamini.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa haiungi mkono picha ya utanzu uliodharauliwa unaobisha hodi. Inaonesha utanzu uliokuwamo nyumbani tangu enzi za tendi, ambao kila kizazi cha wasomi kiliukaribisha upya kwa jina lake: wakusanyaji wa karne ya 19 waliuita sampuli, wanahistoria wakauita ushahidi, wahakiki wa enzi ya ukombozi wakauita istiara au mabaki ya ushirikina, na wahakiki wa mwisho wa karne ya 20 wakauita uhalisiajabu. Kila jina liliokoa kitu. Steere aliokoa matini, istiara ilimwokoa Shaaban Robert asichukuliwe kuwa msimulizi wa hadithi za watoto, na uhalisiajabu uliiokoa Nagona isiachwe kama kitendawili.

Lakini majina hayo yote yalikubaliana katika jambo moja, kwamba ajabu lazima liwe kwa ajili ya kitu kingine. Kuliondoa sharti hilo si kuitenga fasihi na jamii. Sindano ya shaba ya Liongo, mjeledi wa Adili na chombo cha Dzombo vinaisema jamii kwa ukali zaidi vinapoachwa viwe sindano, mjeledi na chombo kwanza. Kazi iliyo mbele ya taaluma ni ya vitendo: kuzikusanya na kuzihifadhi hadithi za majini zilizotawanyika kabla karatasi hazijaoza, na kuwafundisha wanafunzi kuuliza, mbele ya nchi iliyo angani, si tu inasimama badala ya nchi gani, bali watu wake wanaishi vipi huko angani. Shaaban Robert alikwisha kuliandika swali hilo katika kiambishi cha anwani zake.